Injini Mpya katika Motokaa ya Zamani: Kisa cha AC Ace Iliyogeuka Kuwa Cobra

Mwezi wa Septemba mwaka 1961 barua moja ilitumwa kwa ndege kutoka Marekani kwenda Thames Ditton, mji mdogo ulio kando ya mto Thames katika jimbo la Surrey, Uingereza. Aliyeiandika ni Carroll Shelby, dereva wa mashindano kutoka Texas, na walioandikiwa ni kampuni ya AC. Swali lake lilikuwa moja: je, kampuni ingekubali kuibadili motokaa yake iitwayo Ace ili ichukue injini ya Kimarekani yenye silinda nane? AC wakamjibu kuwa wako tayari, mradi yeye aipate injini inayofaa.

Kutokana na barua hiyo ilizaliwa Cobra, moja ya motokaa za spoti zinazojulikana zaidi ulimwenguni. Wanafunzi mlio madarasani leo huenda mmemjua Shelby katika sinema ya mwaka 2019 iitwayo Ford v Ferrari. Wenzangu wa zamani mtakumbuka picha zake katika magazeti ya motokaa yaliyokuwa yakipita mkono kwa mkono bwenini mpaka kurasa zinachanika. Lakini ukiwauliza watu nani aliyeitengeneza Cobra, wengi watakujibu kwa neno moja: Shelby. Nia ya makala haya ni kuonyesha kuwa jibu hilo ni nusu tu ya historia. Aliyeleta injini ndiye aliyepata sifa. Waliotengeneza chombo kilichoipokea, na waliorekebisha kila kilichokatika baada ya kuipokea, wamesahaulika. Basi na tuanze na hao.

Chombo kizuri, moyo mzee

Kampuni ya AC ilikuwa na fundi mmoja hodari aitwaye John Weller. Mwaka 1919 Weller alibuni injini ya silinda sita yenye ukubwa wa lita 2. Kwa siku zile ilikuwa kazi ya kustaajabisha. Bloku yake ilikuwa ya alumini wakati makampuni karibu yote yalikuwa yakisubu chuma kizito, na kamshafti yake ilikaa juu ya silinda, mpango ambao wengine wengi waliufuata miaka mingi baadaye. Mwaka 1926 motokaa ya AC ilishinda mashindano ya Monte Carlo, nayo ilikuwa ya kwanza kutoka Uingereza kupata ushindi huo.

AC waliipenda injini yao, tena waliipenda kupita kiasi. Waliiongezea nguvu kidogo kidogo, kutoka farasi 40 hivi za mwanzo hadi zaidi ya 100, lakini hawakuiacha. Iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1963. Mtoto aliyezaliwa siku ilipochorwa angekuwa na miaka 44 siku ilipostaafu.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1953, katika maonyesho ya Earls Court mjini London, AC walitoa motokaa mpya, Ace. Asili yake ilikuwa gari la mashindano lililobuniwa na John Tojeiro. Fremu yake ilijengwa kwa mabomba mawili ya chuma, kila moja lenye kipenyo cha inchi 3, yaliyolazwa sambamba na kuunganishwa kama ngazi. Kila gurudumu lilikuwa huru kupanda na kushuka peke yake, mbele na nyuma, likishikiliwa na springi ya mabapa iliyolala kukingama. Tukumbuke kuwa mwaka 1953 motokaa nyingi za spoti za Uingereza zilikuwa bado na ekseli moja nzima nyuma, kama lori. Gurudumu la kushoto likiruka shimo, la kulia nalo hutikisika. Bodi ya Ace ilikuwa ya alumini, nayo ilifinyangwa kwa mkono na mafundi wa nyundo wa Thames Ditton, bapa moja baada ya jingine.

Hapo ndipo penye kichekesho cha historia. Chombo kilikuwa cha kisasa kabisa, na ndani yake ikatiwa ile injini ya mwaka 1919. Ilikuwa kama kijana aliyepewa moyo wa babu yake. Ace ilikata kona kuwashinda wengi, lakini katika barabara iliyonyooka iliachwa.

Injini ikabadilishwa mara mbili kabla ya Shelby

Ni kosa kudhani kuwa Shelby ndiye wa kwanza kuitia Ace injini nyingine. Mwaka 1956 AC walianza kuwauzia wateja wao Ace yenye injini ya Bristol. Bristol walikuwa watengenezaji wa ndege, na baada ya vita kwisha mwaka 1945 walipata michoro ya BMW ya Ujerumani. Injini yao ya lita 2 ilitokana na ile ya BMW 328 ya mwaka 1936. Haikuwa changa, lakini ilikuwa na nguvu kuliko ya Weller, na Ace ikabadilika. Katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1959, Ace yenye injini ya Bristol ilishika nafasi ya 7 kati ya magari yote, na ya kwanza katika daraja la lita 2. Walioshinda mashindano yenyewe mwaka huo walikuwa Roy Salvadori na Carroll Shelby, katika Aston Martin. Hivyo motokaa na mtu aliyekuja kuipa jina walikimbia katika uwanja mmoja, miaka miwili kabla ya ile barua.

Mwaka 1961 balaa likaingia. Bristol waliamua kutumia injini ya Chrysler ya silinda nane katika motokaa yao mpya, na wakaacha kutengeneza injini za silinda sita. AC hawakuwa na la kufanya. Mtu akikuazima jembe, siku ya kulihitaji mwenyewe ni siku ya wewe kulala njaa.

Aliyewafaa kwa muda alikuwa Ken Rudd, dereva na fundi, ambaye alitia katika Ace injini ya Ford Zephyr ya lita 2.6. Zephyr si jina geni kwetu Afrika Mashariki: mwaka 1955 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda mashindano ya Coronation Safari katika Zephyr ya toleo la kabla ya hiyo. Injini hiyo ilikuwa ya motokaa ya kawaida ya familia, lakini Rudd aliifanyia kazi mpaka ikawa na nguvu za kutosha. Tena ilikuwa fupi kwa kimo kuliko ya Bristol. Kwa hiyo boneti iliweza kushushwa na pua ya gari ikafanywa ndogo. Ace za namna hiyo hazikufika 40, lakini pua ile ndiyo iliyorithiwa na Cobra. Wengi wanaoisifu sura ya Cobra hawajui kuwa wanalisifu umbo lililotokana na injini ya Zephyr.

Wahitaji wawili wakutana

Sasa tumtazame Shelby. Alizaliwa mwaka 1923 huko Leesburg, Texas. Kabla ya kuwa dereva alijaribu biashara ya kufuga kuku, akafilisika baada ya kuku wake kufa kwa maradhi. Akageukia mbio za magari, akang'ara. Lakini moyo wake ulikuwa mgonjwa. Mwaka 1960 aliendesha baadhi ya mashindano akiwa na kidonge cha dawa chini ya ulimi, na mwaka huo huo ulipomalizika aliacha mbio kabisa. Alikuwa na miaka 37, hana fedha nyingi, hana kiwanda, na kazi aliyoijua vyema ilikuwa imemkatalia.

Alichokuwa nacho ni wazo. Aliamini kuwa gari jepesi la Ulaya, likitiwa injini kubwa ya Kimarekani, lingeyashinda magari ya bei mara mbili yake. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Sydney Allard wa London alikuwa amefanya hivyo mara tu baada ya vita, na mwaka 1950 yeye na mwenzake Tom Cole walishika nafasi ya 3 huko Le Mans katika Allard yenye injini ya Cadillac. Shelby mwenyewe aliwahi kuendesha Allard ya aina hiyo. Kasoro ilikuwa uzito. Injini za silinda nane za siku zile zilikuwa mapande makubwa ya chuma. Ukiitia moja katika gari dogo, pua huinama, usukani huwa mzito, na gari likifika kwenye kona hutaka kwenda mbele moja kwa moja.

Kilichobadilika mwaka 1961 ni ufundi wa kusubu chuma. Kampuni ya Ford ilikuwa imetengeneza injini mpya ya silinda nane, ya inchi za ujazo 221, yaani lita 3.6, kwa ajili ya motokaa yake ya familia iitwayo Fairlane ya mwaka 1962. Mafundi wa Ford walikuwa wamejifunza kupanga kalibu za kusubia kwa uangalifu mkubwa hata kuta za bloku zikaweza kuwa nyembamba bila kupasuka. Injini ikawa ndogo, na uzito wake ukawa zaidi kidogo tu ya kilo 200. Hivyo ndivyo injini ya silinda nane ilivyoweza kukaa mahali pa injini ya silinda sita bila kuliinamisha gari.

Chevrolet, waliokuwa na motokaa yao ya spoti iitwayo Corvette, hawakutaka kumpa Shelby injini. Ford, ambao hawakuwa na motokaa ya kushindana na Corvette, walikubali. Kwa hiyo pande tatu zilikutana, kila mmoja na haja yake: AC walikuwa na gari bila injini, Ford walikuwa na injini bila gari la spoti, na Shelby hakuwa na chochote ila alijua kuwaleta pamoja.

Saa chache za kufunga, miaka ya kurekebisha

Gari la kwanza, lenye namba ya fremu CSX2000, lilijengwa Thames Ditton na kujaribiwa huko Uingereza mwezi wa Januari mwaka 1962. Injini ilitolewa, na mwanzoni mwa Februari gari likapelekwa Los Angeles kwa ndege. Huko, katika karakana ya Dean Moon mjini Santa Fe Springs, Shelby na wenzake walilitia injini kubwa zaidi ya aina ile ile, ya lita 4.2, pamoja na giaboksi yake. Kazi ilichukua muda usiozidi saa nane. Shelby mwenyewe alisimulia kuwa jina la Cobra lilimjia ndotoni.

Saa hizo nane zimesifiwa sana, na ndizo zilizowapotosha watu. Wasomaji wanadhani kuwa kubadili injini ni kutoa boliti na kukaza boliti. Kufunga kulikuwa kwepesi kwa sababu kazi ngumu ilikuwa imekwisha kufanyika Thames Ditton. Mafundi wa AC walikuwa wameongeza unene wa chuma cha fremu. Walikuwa wamehamisha sanduku la usukani kwenda pembeni, kwa maana injini ya silinda nane ni pana kuliko ya silinda sita. Walikuwa wametoa difu ya zamani na kutia difu nene ya kampuni ya Salisbury, ya jamii ile ile iliyotumika katika Jaguar E-Type. Na magurudumu yote manne yalikuwa na breki za diski. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana mtu anapofungua boneti.

Hata hivyo hayo yote hayakutosha. Mwezi wa Oktoba mwaka 1962 Cobra iliingia katika mashindano yake ya kwanza huko Riverside, California, ikiendeshwa na Billy Krause. Iliwaacha wenzake mbali, Corvette mpya zikiwa nyuma yake. Kisha habu ya gurudumu la nyuma ikakatika, gari likasimama. Injini ilikuwa nzima kabisa. Kilichokatika ni kipande cha chuma kilichochorwa miaka mingi nyuma kwa ajili ya farasi 100, na sasa kilitakiwa kubeba zaidi ya mara mbili ya hizo.

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Watu wa Shelby na watu wa AC waliziba ufa. Habu zikatengenezwa upya kwa chuma chenye nguvu zaidi. Mwezi wa Januari mwaka 1963, katika uwanja ule ule wa Riverside, Dave MacDonald na Ken Miles walishika nafasi ya kwanza na ya pili katika Cobra mbili. Kati ya mashindano hayo mawili ilipita miezi mitatu hivi, na tofauti kubwa ilikuwa katika kipande kinachoweza kushikwa kwa mikono miwili.

Marekebisho yakaendelea. Baada ya magari 75 ya kwanza, injini ya lita 4.2 ilibadilishwa ikawa ya lita 4.7. Baada ya magari 125 hivi, usukani wa zamani, uliokuwa mlegevu katika kasi kubwa, uliondolewa. Alan Turner, mchoraji wa AC, alichora sehemu yote ya mbele upya ili itumie usukani wa fimbo yenye meno inayosukumwa na gia ndogo. Kwa hiyo dereva aliweza kuamini kile mikono yake ilichomwambia.

Likabaki tatizo la upepo. Cobra ilikuwa gari la wazi, na katika barabara ndefu iliyonyooka ya Le Mans kioo chake na chumba chake wazi viliuzuia mwendo hata injini ingekuwa na nguvu namna gani. Ferrari 250 GTO, yenye paa na umbo la kukata upepo, iliipita. Kijana mmoja wa Shelby aitwaye Peter Brock alichora bodi mpya yenye paa na mkia uliokatwa wima, juu ya fremu ile ile ya AC. Magari sita tu ya namna hiyo yalijengwa, yakaitwa Daytona. Mwaka 1964 Dan Gurney na Bob Bondurant walishinda daraja la magari ya GT huko Le Mans na kushika nafasi ya 4 kati ya magari yote. Tarehe 4 Julai 1965, huko Reims nchini Ufaransa, Cobra ilipata ubingwa wa dunia wa magari ya GT ya daraja la juu. Mabomba mawili ya inchi 3 yaliyochorwa kwa ajili ya injini ya Weller yalikuwa yamefika mahali ambapo hakuna aliyeyategemea.

Mpaka wa uvumilivu wa chuma

Lakini kila chombo kina mpaka wake. Mwaka 1964 watu wa Shelby walijaribu kutia katika fremu hiyo hiyo injini nyingine ya Ford, ya lita 7, nzito zaidi na yenye nguvu nyingi mno. Ken Miles aliipeleka Sebring, Florida, na wakati wa mazoezi akagonga mti. Dereva yule yule aliyeshika nafasi ya pili huko Riverside, mtu mwenye mikono ya ajabu, gari lilikuwa gumu kumtii. Fundi mwenye kiburi angemlaumu dereva. Hawa hawakufanya hivyo. Waliona kuwa springi za mabapa na mabomba yale yamefika mwisho wa uwezo wake, na fremu mpya ikachorwa kwa ushirikiano wa Ford na AC: mabomba yenye kipenyo cha inchi 4, springi za mzunguko, nafasi kubwa zaidi kwa matairi mapana. Hiyo ndiyo Cobra ya lita 7 ya mwaka 1965, ambayo kwa macho inafanana na ya kwanza lakini chini ya bodi ni gari jingine.

Utengenezaji ulikoma mwaka 1967, Cobra zote zikiwa karibu 1,000.

Jirani yake Tiger

Ili tuone kuwa jambo hili halikuwa la Cobra peke yake, tutazame kisa kifupi cha Sunbeam Tiger. Kampuni ya Rootes ya Uingereza ilikuwa na motokaa ndogo ya spoti iitwayo Alpine, ya mwaka 1959, yenye sura nzuri na nguvu haba. Mwaka 1963 Ian Garrad, aliyesimamia biashara ya Rootes katika pwani ya magharibi ya Marekani, alimwomba Shelby aitie injini ile ile ya Ford ya lita 4.2. Injini iliingia kwa shida. Chumba chake kilikuwa kidogo hata plagi moja ya nyuma ikawa haifikiki ila kwa kupitia tundu lililotobolewa kutoka ndani. Huko West Bromwich, ambako Jensen waliyaunganisha magari hayo, ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva ulipigwa kwa nyundo kubwa ili injini ipate nafasi.

Pamoja na hayo Tiger ilipendwa, na zaidi kidogo ya 7,000 zikajengwa. Haikufa kwa ubovu. Chrysler ilikuwa imeanza kununua hisa za Rootes, na mwaka 1967 ikaimiliki. Haikuwezekana Chrysler iuze motokaa yenye injini ya mshindani wake Ford. Walitafuta injini ya Chrysler ya kutia mahali pake, lakini distributa yake ilikuwa nyuma, ambako hapakuwa na nafasi, ilhali ya Ford ilikuwa mbele. Kwa sababu ya mahali pa distributa, motokaa nzima ikatoweka. Tumeona AC walivyoachwa na Bristol. Sasa twaona Rootes. Anayeazima moyo wa mwingine hana budi kujua kuwa mwenyewe anaweza kuudai.

Nani basi aliitengeneza Cobra?

Magari ya kwanza yalikuwa na beji ya AC puani. Baadaye ikaondolewa, ikawekwa ya Cobra, na ubavuni pakaandikwa kuwa linaendeshwa na nguvu za Ford. Huko Ulaya watu waliendelea kuiita AC Cobra. Huko Marekani ikawa Shelby Cobra. Hakuna aliyedanganya, lakini ukitazama beji utaona jinsi sifa inavyohama: kwanza kwa aliyejenga chombo, kisha kwa aliyeleta injini na kuitangaza.

Lakini kuna shahidi mmoja asiyebadilika. Mwezi wa Agosti mwaka 2016 gari lile la kwanza liliuzwa kwa mnada huko Monterey, California, kwa dola milioni 13.75, bei ambayo wakati huo haikuwahi kufikiwa na gari lolote la Kimarekani katika mnada. Injini iliyojaribiwa nayo Uingereza ilitolewa kabla hata halijapanda ndege. Rangi yake ilibadilishwa mara kadhaa mwaka 1962 ili waandishi wa magazeti wadhani kuwa Shelby ana magari mengi. Kilicholitambulisha mpaka siku ya mnada ni namba CSX2000, nayo ni namba ya fremu, iliyotoka Thames Ditton. Soko lenyewe, lisilojua huruma, lilikubali kuwa gari ni fremu yake.

Simdharau Shelby hata kidogo. Bila yeye Ace ingekufa kimya kimya pamoja na injini ya Weller, na wafinyanzi wa alumini wa Thames Ditton wangekosa kazi ya miaka sita. Yeye mwenyewe alijua maana ya moyo mpya katika mwili wa zamani: mwaka 1990 madaktari walimbadilishia moyo, akaishi miaka mingine 22, hadi tarehe 10 Mei 2012.

Katika miji yetu wapo mafundi wanaofanya kazi hiyo hiyo kila siku. Wanavua injini iliyochoka katika Land Rover kuukuu na kutia ya Toyota au ya Nissan, chini ya mwembe, kwa winchi na mnyororo. Mwanafunzi mwenye kupenda ufundi akienda kuwatazama atawatambua mafundi bora kwa maswali yao kabla hawajagusa spana. Injini mpya ina uzito gani kuliko ya zamani? Difu itaibeba? Breki zitausimamisha mwendo mpya? Rejeta itapoza joto lililoongezeka? Vipuri vyake vitapatikana kesho? Na je, mwenye gari atakwenda kuandikisha namba mpya ya injini katika kadi? Fundi asiyeuliza hayo anaweza kuifanya injini iwake siku hiyo hiyo na kuondoka na fedha yake. Atakayejua tofauti ni dereva, kwenye mteremko.

Ndugu wasomaji, wakubwa kwa wadogo, shule yetu nayo hupokea injini mpya kila mwaka: vijana wenye nguvu kuliko tuliokuwa nazo sisi. Tuna haki ya kuzifurahia nguvu hizo. Lakini wajibu wetu sisi wa zamani ni ule wa Alan Turner na wa mafundi wasiotajwa majina: kutazama kila kipande kilicho kati ya injini na barabara, na kukiimarisha kabla hakijakatika. Na ninyi vijana, mkiulizwa siku moja nani aliitengeneza Cobra, mtajeni Shelby, maana anastahili. Kisha mtajeni Weller, na Tojeiro, na Rudd, na Turner, na Miles, na yule fundi ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliyeitengeneza upya habu iliyokatika Riverside.